Dakika Sita

Koni mbili, mita thelathini kati yake,
nimezipanga mwenyewe kabla korido haijajaa watu.
Saa ya kuhesabia inaning'inia shingoni mwangu
kwa kamba ya mkonge aliyoisokota yeye,
Bi Mwanamvua Semhando, mshiriki namba kumi na saba,
miaka thelathini na mmoja kwenye korona na brashi,
nyuzi zikipita mikononi, vumbi likipita kwingine.
Ni mkonge? huniuliza. Ni kuni?
Namjibu: hicho ndicho tunachokitafuta.

Anatembea. Mimi sitembei naye.
Kanuni imekataza: nikiwa mbele ninamvuta,
nikiwa nyuma ninamsukuma,
na maneno niliyoruhusiwa yamehesabiwa kama vidonge.

*Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tano.*

Kabla ya kufika kwetu ugonjwa wake uliitwa majina mengi.
Pumu, wakampa pampu ya kupuliza.
Kifua kikuu, akameza miezi sita, mkojo mwekundu,
na makohozi yalikuwa safi tangu mwanzo.
Uzee, alisema mmoja bila kuinua macho.
Shemeji yake wa Makorora akasema ni jini;
jogoo mweusi akaliwa, pumzi haikurudi.
Miguu ikavimba hata ndara zikamkataa.

*Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika nne.*

Daktari Mntangi alimlaza kwa ubavu wa kushoto,
akampaka jeli ya baridi, tukautazama moyo kwenye kioo
ukipiga kama mtu anayesukuma mlango uliobanwa kwa nje.
Presha, alisema Daktari.
Presha yangu walipima juzi, iko sawa.
Hiyo ni ya mkono, Mama. Hii ni ya mapafu,
kile kitambaa cha kufunga hakifiki huko.
Ona, chumba cha kulia kimetanuka.
Bi Mwanamvua akageuza shingo:
Cha kulia chakula, au cha kulia machozi?
Tulicheka wote watatu,
moyo ukacheka nao, mistari ikaruka.

*Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tatu.*

Mwaka mzima amekula kidonge asubuhi, mchana, usiku.
Huenda ni dawa. Huenda ni chokaa iliyovaa koti la dawa.
Bahasha imefungwa mbali; sijui mimi, hajui Daktari.
Siku ya kutia sahihi aliifuata fomu kwa kidole, mstari kwa mstari,
akauliza jambo ambalo halikuandikwa:
Mkishajua, mtaniambia?

Na leo vidonge vya mradi vinaisha.
Waja leo, waondoka leo, mji wetu unajulikana kwa hilo,
na mradi umejifunza upesi.
Juma lililopita alikwenda kuuliza bei, Barabara ya Kumi na Mbili.
Kijana wa dukani akasoma karatasi, akatabasamu:
Bibi, babu kaanza tena?
Babu yuko kaburini, akamwambia. Nguvu ni za kupandia ngazi.
Kisha akaja kwangu:
Lakini ninunue nini, nanyi hamjui nilikula nini?

*Unaendelea*

Amesimama. Mkono ukutani, midomo ina rangi ya zambarau.
Kidude cha kidoleni kinasoma themanini na tatu.
Saa haisimami, ndiyo kanuni.
*Unaweza kuegemea. Endelea ukiwa tayari.*
Nina mengine mengi mdomoni. Nayameza.
Nje mtu anaita viazi vya moto.
Sekunde arobaini na moja. Kisha
ndara, ndara, sakafuni.

*Simama hapo ulipo.*

Nakokota futi hadi kwenye vidole vyake.
Safari kumi kamili, na mita kumi na moja.
Mwaka jana zilikuwa saba.
Anaketi, anatazama ninavyoandika,
anangoja pumzi imfikie.
Andika na hizi za kutoka stendi, anasema,
nilitembea, sikuwa na nauli ya bodaboda.

Fomu haina kisanduku hicho.
Nikageuza penseli, nikaandika pembeni,
herufi ndogo:
*na za kutoka stendi.*